Jasho la Ziwani

— Dauda? Hapana, dada. Hayiko hapa.

Saidati alibaki amesimama nje ya hangari ya zamani ya kahawa, ambamo vijana wa Gisenyi walikuwa wakifanya mazoezi ya ngumi. Mkononi alishika chupa ya chai. Ndani, gunia la mchanga lilikuwa likipigwa puu, puu.

— Hayiko namna gani, mwalimu? Kila siku ananiambia anatoka huku. Hata shati inakuwa imeloa jasho!

Mwalimu Mugabo alijikuna kichwa.

— Dada, mi sitaki kuingia mambo ya watu wawili. Lakini tangu alivunjika mbavu mwaka jana, Dauda hajakanyaga hapa.

Chupa karibu imponyoke. Kuna mwanamke mwingine! Aliteremka ziwani mbio, kwa sababu jirani mmoja alishamwambia kwamba alimwona mchumba wake akielekea huko. Akamuuliza Drocella, muuza samaki.

— Yule fundi cherehani anajimwagia maji kwa shati? Iko pale, nyuma ya mitumbwi. Kila siku peke yake, masikini.

Kweli alikuwa peke yake. Dauda alikuwa ameketi juu ya jiwe jeusi, mikono imefungwa bendeji za mazoezi, shati linadondosha maji.

— Donc, kumbe jasho yote uliyoniletea ni maji ya Kivu?

Dauda aliruka kama aliyechomwa na sindano yake mwenyewe.

— Saidati... ngoja nikueleze.

— Eleza! Mi najua uongo ya wanaume wenye wanawake wengine. Hii yako siijui.

Dauda akasema bila kumtazama:

— Natoka nyumbani na nia yote. Nikikaribia ule mlango, nikisikia gunia inapigwa, kifua inafungwa. Pumzi inakatika. Naona kama ile ngumi ya kunivunja mbavu inakuja tena. Alafu angalia hii tumbo! Miezi mingi nimelala, nimenenepa. Wataniangalia wote. Donc napita, nakuja kukaa hapa.

— Na harusi yetu?

— Niliapa mbele ya baba yako. Nirudi ulingoni kwanza, ndiyo nikuoe.

— Nani alikuomba hiyo kiapo? Baba? Mimi? Umejifungia ndani, alafu na mi ukanifungia humo humo! Sioni mlango wa kutokea.

Machozi yalimtoka. Akayafuta kwa ncha ya kitenge.

— Faradji, yule mwenye lori kule Goma, ametuma wazee kuniposa. Baba anasema atawajibu kesho, Ijumaa. Na mi nimemuambia baba nini? «Ngoja, Dauda anafanya mazoezi!»

Dauda aliinamisha kichwa. Huku kulikuwa na hangari, kule kulikuwa na Faradji, na katikati yeye, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

— Mi sitaki bondia, Saidati akasema kwa sauti ya chini. Lakini sitaki mume wa kujificha nyuma ya mitumbwi. Usipande ulingoni. Ingia tu, uruke kamba, utoke.

— Wakicheka?

— Watacheka. Na we utakuwa ndani.

Wakapanda pamoja. Mlangoni miguu ya Dauda iligoma. Saidati hakumsukuma; wanawake hawakuwa wakiingia humo, akasimama tu pembeni akiangalia barabara. Akasikia hatua moja. Halafu nyingine.

— Yewe! Dauda, umemeza ngoma? kijana mmoja, Twagirimana, akapiga kelele.

Wakaangua kicheko. Dauda aligeuka atoke, lakini Mugabo alikwisha kumrushia kamba.

— Ruka. Leo hakuna mutu atakupiga.

Akaruka. Kamba ikamnasa, akaangukia magoti. Akainuka, akaruka tena, mpaka akaegemea ukuta akihema. Na hapo akashangaa: pumzi ilikuwa imekatika kwa kuchoka tu. Alipotazama, wote walikuwa wamesharudi kwenye mambo yao. Hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa baba yake Saidati, akapiga magoti.

— Baba, ile kiapo nimeiacha. Ulingoni sijui kama nitarudi siku moja. Nimeogopa, na nimemudanganya binti yako. Naomba unipe yeye hivi hivi nilivyo.

Mzee alimtazama kwa ukali mpaka Saidati, nyuma ya pazia, akashika roho mkononi.

— Wazee wako wako wapi?

— Wanakuja kesho, baba.

— Bon, sawa. Kesho mapema. Kabla watu wa Goma hawajafika.

Ndoa ilifungwa baada ya Ramadhani. Koti la harusi Dauda alilishona mwenyewe, na kwa kiburi cha fundi alilikata kwa vipimo vya zamani. Mbele ya shehe alikaa wima, jasho linamtoka, kifungo cha kati karibu kiruke. Walipoachwa wawili, Saidati alimwangalia, akacheka mpaka akashika mbavu.

— Fungua, mume wangu, fungua vyote. Upumue.