Mke Mwenza Mwenye Kwato

Mama Mikate alikanda unga kila alfajiri, akaoka, akauza. Jikoni kwake hamkuwa na rafu hata moja. Magunia ya unga yalikaa sakafuni, na panya walijua njia. Mumewe alikuwa seremala, tena hodari. Nusu ya mtaa walikuwa na kabati alizotengeneza yeye. Mkewe hakuwa na hata moja.

"Mbao zikibaki nitakutengenezea," Fundi alikuwa akisema.

Halafu akanunua farasi.

Fundi hakuwahi kufuga hata kuku. Lakini alichoka kukodi gari la kupelekea wateja meza na vitanda. Farasi atavuta mkokoteni, alisema. Hilo Mama Mikate alilielewa. Lililomshinda ni jina. Farasi alikuwa jike, mwenye doa jeupe usoni kama shela. Fundi akamwita Bibi Harusi.

"Bibi Harusi?" Mama Mikate aliuliza. "Na mimi ni nani? Mpishi wa shughuli?"

"Acha utani, mke wangu."

"Sitanii."

Mbao zikaja. Zilikuwa nzuri, zimepigwa randa mpaka zinateleza. Mama Mikate alizitazama, akaziona rafu zake. Lakini mbao zilipita mlango wa jikoni, zikaenda zao uani. Fundi akajenga banda. Akaziba kila upenyo mpaka juu, hata mwanga ukakosa pa kuingilia.

"Asipigwe na baridi," alisema.

Chini akamwaga vumbi la msumeno, tele. Na kila asubuhi, kabla hata ya chai, alikwenda kumsugua farasi kwa brashi. Alimsugua huku akimnong'oneza.

Mama Mikate aliona wivu. Tena si wivu mdogo. Alisimama dirishani, mikono imejaa unga, akatega sikio asisikie kitu.

"Anamwambia nini?" alijiuliza. "Maana mimi naambiwa 'chai iko wapi' tu."

Fundi alimpa farasi nyasi kavu asubuhi na jioni. Alidhani farasi hula kama mtu, akishiba anangoja mlo mwingine. Katikati ya siku Bibi Harusi alisimama gizani peke yake. Alikohoa, akatafuna mlango.

Asubuhi moja Fundi alitoka kwenda kupima madirisha ya mteja. Farasi akaanza kugonga mlango kwa ukwato. Mama Mikate akasikia, na wazo likamjia.

"Ngoja," alisema. "Nyumba hii mpishi ni mimi. Leo tutaona nani anapendwa."

Akakusanya mikate iliyolala, akaivunjavunja kwenye beseni. Akaongeza pumba, akalowesha kwa maji. Beseni likajaa pomoni. Bibi Harusi akala lote, akalamba beseni, kisha akamlamba mkono.

"Umeona?" Mama Mikate alimwambia. "Kamwambie bwana wako."

Fundi aliporudi alisikia kishindo uani. Bibi Harusi alikuwa akilala na kuinuka, akilala na kuinuka. Alijipiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Shingo ilikuwa imelowa jasho. Fundi akapiga simu kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye buti za mpira na sauti isiyobembeleza mtu. Aliingia bandani, akatoka mara moja.

"Mtoeni humu! Hewa ya ndani inawasha macho." Akasikiliza tumbo la farasi. "Tumbo limemsokota. Amekula nini leo?"

"Nyasi kavu tu," Fundi alijibu. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Na nini kingine? Fikiri vizuri. Farasi hatapiki. Kikiingia kimeingia. Nikijua alichokula, nitajua pa kuanzia."

"Hakuna kingine, daktari. Naapa."

Mama Mikate alisimama nyuma yao. Beseni alikuwa ameshaliosha. Hakuna aliyemwona.

Fundi alimkumbatia farasi shingoni. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Bibi Harusi, usiniache," alisema.

Maneno hayo yalimchoma Mama Mikate. Yeye alipougua homa kali, aliambiwa "meza dawa" basi. Ndipo wazo baya likamwingia bila hodi. Akifa, yamekwisha. Mbao zitarudi. Mume atarudi.

Bibi Harusi akageuza kichwa. Akanyoosha pua mpaka kwenye vidole vya Mama Mikate, vyenye harufu ya mkate, akavinusa. Maumivu yote yale, na bado alimtafuta aliyemlisha.

Mama Mikate akashindwa kuvumilia.

"Nimempa mikate," alisema. "Na pumba. Beseni zima."

Fundi akageuka. "Umefanya nini?"

"Nimeona wivu! Haya, nimesema! Unamsugua, unamnong'oneza, umemjengea nyumba. Mimi unga wangu unaliwa na panya!"

"Mtagombana baadaye," daktari alisema. "Mama, umenisaidia sana. Shika kamba, mtembeze polepole. Fundi, lete maji ya uvuguvugu."

Daktari akamchoma farasi sindano ya maumivu. Akampitishia mrija wa mpira puani mpaka tumboni, akapunguza kilichojaa. Mama Mikate akamtembeza farasi, akaenda naye, akarudi naye, akimwomba radhi kimoyomoyo. Jioni Bibi Harusi akainua mkia, akaangusha kinyesi. Tumbo lilikuwa limefunguka.

"Alhamdulillahi!" Fundi alipiga kelele. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kukipokea kinyesi kwa furaha namna ile.

Daktari akapindua ndoo, akaikalia. "Sasa nisikilizeni wote wawili, maana wote mmekosea."

"Hata mimi?" Fundi akauliza.

"Wewe ndiye wa kwanza. Tumbo la farasi ni dogo. Ameumbwa kula kidogokidogo kutwa. Nyasi ndicho chakula chake kikuu, na ziwepo karibu muda wote. Ukimwacha na njaa halafu akapewa beseni la mikate, akose kuumwa kwa nini?"

"Pumba je?" Mama Mikate aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nafaka na pumba si lazima. Akifanya kazi nzito, nitawaambia kipimo chake. Na chakula kipya anaanzishiwa kidogo, kinaongezwa polepole kwa wiki moja au mbili. Mkate hapana. Nyasi zenye ukungu au vumbi hapana. Maji safi yawepo kutwa, na jiwe la chumvi la kulamba."

"Na banda langu lina kosa gani?" Fundi aliuliza. "Lile ni kazi safi!"

"Ni kabati, Fundi. Umemfungia farasi kabatini. Mkojo unatoa hewa kali, na vumbi la msumeno linamwingia mapafuni. Ndiyo maana anakohoa. Toa mbao za juu, hewa ipite pande zote mbili. Chini weka majani makavu, au maranda makubwa ya mbao isiyotiwa dawa. Zoa kilicholowa kila siku. Mtoe nje atembee. Na asikae peke yake. Farasi mwenzake ndiye bora, lakini hata mbuzi atafaa kwa kuanzia."

Kesho yake Fundi akapanda ngazi na nyundo. Upenyo mkubwa aliufungua upande wa jikoni. Mama mkwe wa Fundi akatoa mbuzi wake mmoja, kwa masharti mengi. Mbao zilizotoka bandani hazikurudi karakana. Zikawa rafu ukutani, na magunia ya unga yakapanda juu. Panya wakahama.

Fundi alipokuwa akipiga msumari wa mwisho, mkewe akamuuliza.

"Hebu niambie kweli. Unamnong'oneza nini yule?"

Fundi akakuna kichwa. "Namwambia, 'Tafadhali mama, usinipige teke.' Namwogopa mpaka leo."

Mama Mikate alicheka mpaka akakaa chini.

Kikohozi kikaisha. Daktari alipotoa ruhusa, mkokoteni ukaanza kutembea, meza nyuma, kapu la mikate mbele. Na kila alfajiri, jiko likiwashwa tu, Bibi Harusi alitoa kichwa kwenye upenyo, akalia kwa furaha kuelekea jikoni.

"Ajabu hii!" Fundi alilalamika, brashi mkononi. "Nimsugue mimi, aitwe yeye!"

"Una wivu?" Mama Mikate aliuliza kutoka dirishani.

Fundi akazidi kusugua.

"Njoo unywe chai, Bwana Harusi," alimwambia. "Leo nimekuwekea mezani."