Nguruwe Asiyeandikwa kwenye Jedwali

Sikilizeni, majirani, maana sisi watu wa Iloilo, huku Ufilipino, kwa sherehe hatujambo.

Asubuhi ile Divina alikuwa akikaanga ndizi zake za kuuza, na mumewe Rodel akifuta bajaji yake huku akipiga mbinja. Pikipiki ikasimama mlangoni. Alikuwa mkopeshaji, yule wa chukua tano rudisha sita, anayepita kila siku kudai chake.

"Mama, leo tena huna kitu?" alisema. "Basi mwisho wa mwezi naichukua bajaji. Kadi yake ninayo."

Rodel aliacha mbinja. Divina aliinamia ndizi zake kwa aibu. Aliiweka kadi rehani kwa siri mwaka jana ili achinje nguruwe siku ya mtakatifu wa mtaa, wageni wasimcheke. Ndiyo, nguruwe yule yule tuliyemla mimi na wewe.

Wifi yake Perlita, karani wa duka la dawa, akamtumia jedwali la kwenye simu: unajaza mapato na madeni, lenyewe linajumlisha. Likamwambia mambo shwari. Wiki haijaisha, Divina akakosa tena cha kumlipa mkopeshaji.

"Wifi, jedwali lako linanidanganya."

"Hilo ni la watu wa mshahara, linahesabu kwa mwezi. Wewe unapata kila siku, unadaiwa kila siku. Tulibadilishe."

Wakageuza miezi kuwa siku, na siku za mvua wakazipunguzia mapato. Kisha Perlita akauliza, "Na nguruwe wa mwaka huu mbona simwoni?"

"Huyo haandikwi. Ni wa mtakatifu."

"Mtakatifu hajawahi kula hata ukwato, wifi."

Divina akamwandika. Jedwali lote likawa jekundu kwa upungufu, naye akalia. Kisha akamfuta, akaandika tambi, na wekundu ukaondoka.

Rodel akampelekea mkopeshaji hesabu ile. Mkopeshaji akaguna, akaona heri pesa kidogo kila siku kuliko bajaji kuukuu; siku baada ya siku deni likaisha, naye akairudisha kadi.

Sikukuu ikafika, tukakuta tambi.

"Nguruwe yuko wapi?" jirani mmoja akachokoza.

Rodel akaonyesha bajaji nje, kadi yake mfukoni. "Yule pale. Mwaka huu tumemwacha hai."

FUNZO

Andika deni lako lote, hasa lile la kujionyesha, na jedwali la kuazima lirekebishe lifanane na maisha yako. Nasi tunaoalikwa, tukiandaliwa tambi, tule, tushukuru, tusiulize nguruwe.