Alinivunja Kidole, Barua Ikamuua Baba

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Ni mama wa msichana mmoja, ninaishi Migosi hapa Kisumu, na kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki tena. Majina ya watu nimeyabadilisha, lakini mambo yenyewe nimeyaacha kama yalivyonipata...

Kazi yangu ni ya kompyuta. Tuliisomea pamoja na mume wangu, Felix, kijana wa Katito, na wakati tunaoana tuliota kufungua ofisi yetu wawili. Mwanzo tulikuwa na furaha. Nikisema Felix hakuwahi kunipenda nitakuwa nasema uongo.

Mambo yaliharibika alipofukuzwa kazi kwa kumpiga mwenzake ofisini. Alikaa nyumbani, akawa mtu wa kununa, mimi nikawa ndiye ninayetafutwa na wateja. Kila simu iliyolia ilikuwa kosa langu. Nikicheka na mteja, kofi. Nikichelewa kwa mvua, teke! Mara ya kwanza nilipigwa nikiwa nimembeba mtoto mgongoni.

Nilikimbilia kwetu Usenge, kando ya ziwa. Baba yangu, Mzee Odera, alikuwa ameacha kuvua kwa sababu ya mgongo, akabaki akishona nyavu za watu chini ya kibanda chake cha mabati. Alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti. Felix aliponifuata na wajomba zake kuomba msamaha, baba aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kisha akamwambia mbele yao, "Ng'ombe zako za mahari bado ziko hai. Ukimgusa mtoto wangu tena, njoo uzichukue."

Felix aliinamisha kichwa. Mimi nilidhani ni aibu. Ilikuwa chuki...

Tukarudi Kisumu, na kwa muda akatulia. Ni wakati huo nilipopata kazi ya chama cha wavuvi na wanunuzi wa samaki, chama kilichounganisha bichi nyingi, yaani fuo za wavuvi, kutoka Asembo Bay hadi kwetu. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Rispa, mama wa omena, dagaa wa ziwani, aliyeanza kwa beseni moja hadi akaheshimika ziwa zima.

Shida yao ilikuwa barua pepe. Barua halali za chama zilikuwa zinatupwa kwenye taka, na matapeli walikuwa wanaandikia wanunuzi kwa jina la chama, wanawatuma na malori yao hadi bichi ambazo siku hiyo hazina hata furu, samaki mdogo asiyekosekana. "Binti yangu," Mama Rispa aliniambia, "nataka mtu akiona barua yetu ajue ni yetu, asiulize mara mbili."

Nilimfanyia hivyo. Niliandika kila kitu kwa msimbo, yaani mistari inayoiamuru mitambo ya kukodi mtandaoni, ile tunayoita wingu. Niliiambia kwamba jina hili la mtandaoni ni la chama hiki, na kila barua itokayo kwake ipigwe muhuri. Nikaweka alama za muhuri huo kwenye jina lenyewe la chama, ili mitambo ihakikishe kwamba anayeomba ndiye mwenye jina. Tukangoja. Mchana, neno likabadilika kwenye kioo: limethibitishwa. Mama Rispa alipiga vigelegele ofisini mwangu hadi majirani wakachungulia.

Lakini nilijua hatari yake. Jina likishathibitishwa, anwani yoyote chini yake inaweza kutuma barua na ikaaminika. Kwa hiyo nilifunga. Niliruhusu anwani moja tu, ya matangazo. Aliyetaka kuongeza nyingine alilazimika kupitia kwenye kompyuta yangu, na kompyuta yangu ilifunguliwa kwa kidole changu tu.

Nilidhani nimefunga mlango. Kumbe mwizi nilikuwa nalala naye!

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua. Felix alikuja kutoka chumbani na kompyuta mkononi, akaniambia niifungue, anataka kuona wanaume ninaoandikiana nao. Nilimwambia kuna kazi za watu humo ndani, nikakataa. Akaiweka mezani taratibu kabisa. Akafunga mlango wa nje.

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi. Alinishika shingo akaniangusha, kichwa changu kikagonga ukingo wa karai. Alinikalia mgongoni. Nilikunja ngumi ili asipate kidole, naye akavikunjua vidole kimoja kimoja mpaka akafikia cha shahada, na kilipokataa akakipinda kinyume... Nilisikia kikivunjika. Mtoto wangu alikuwa mlangoni, analia bila sauti. Kidole hichohicho kilichovunjika ndicho alichokibandika kwenye kompyuta, na ikafunguka.

Alikaa nayo kwa muda. Nilimwona akiandika kwa utulivu, kama mtu aliye kazini, huku mimi nimejikunyata sakafuni. Kisha akaifunga, akasema hajaona mwanamume yeyote, akanipeleka zahanati yeye mwenyewe. Nilipoulizwa nilisema nimeteleza nikifua. Nilimwamini kwamba alikuwa anatafuta wanaume tu. Na nani angefikiria zaidi?

Jumatatu nilikuwa na bandeji mkononi, ninampikia mtoto uji, simu ya mama ikaingia. Mama hakusalimu. Alisema, "Baba yako wamempiga. Njoo Bondo hospitalini, usipitie nyumbani."

Njiani ndipo nilipoiona ile barua. Mtu alikuwa amenitumia bila neno lolote. Ilikuwa imetoka kwa anwani ya Mama Rispa mwenyewe, ikaenda kwa wanachama wote wa chama. Ilisema: *Tunamshukuru Mzee Odera wa Usenge kwa kutuletea majina ya wenye nyavu haramu. Kazi yako imesaidia. Endelea.* Ilionekana kama barua ya siri iliyotumwa kwa wote kwa bahati mbaya.

Msomaji wangu, lazima ujue kwamba wiki iliyotangulia maafisa walikuwa wameingia Usenge wakachoma nyavu. Watu walisimama ufuoni wakatazama moshi wa jasho lao. Kila mtu alikuwa anauliza ni nani aliyewauza. Na ni nani anayejua nyavu za kila mtu, matundu yake na mwenyewe, kuliko mzee anayezishona?

Waliisoma barua hiyo kwa sauti pale bichi, watu wakirudi na samaki. Baadhi walisema huenda ni matapeli. Mmoja akajibu kwamba matapeli walikwisha tangu chama kipate anwani ya uhakika. Hilo ndilo lililomuua baba. Uhakika nilioujenga mimi!

Walimkuta kibandani, ana sindano ya nyavu mkononi. Mama anasema alisimama kuwapokea kwa sababu aliona vijana aliowashonea, akadhani wamekuja na kazi. Walimpiga kwa makasia. Walimpiga kwa mawe ya nanga. Walimvuta kwa miguu hadi majini, wakamzamisha, wakamtoa, wakamuuliza amelipwa nini, na kabla hajajibu wakamzamisha tena. Kibanda walikitia moto. Mama alipojitupa juu yake walimkanyaga hadi mbavu zikalia. Wengine wakaenda kuvunja banda la omena la Mama Rispa, wakimtafuta yeye pia. Aliokoka kwa kujificha ndani ya choo cha kanisa.

Nilimkuta baba amelala, uso umevimba hadi macho hayaonekani, taya limevunjika. Hakuweza kusema. Nilimshika mkono. Vidole vyake vikapapasa vyangu, vikafika kwenye bandeji, vikasimama hapo. Akakigusa kidole changu mara nyingi, polepole, na machozi yakatoka katikati ya ule uvimbe... Alikuwa ameelewa kwamba nimepigwa tena. Yeye, akiwa katika hali hiyo, alikuwa ananililia mimi!

Nilitoka nje nikafungua kompyuta. Sikutafuta sana. Katikati ya msimbo wangu palikuwa na mstari mmoja mpya: anwani ya mwenyekiti, imeruhusiwa kutuma. Uliongezwa Jumamosi, kwa jina langu. Barua yenyewe aliipanga itoke Jumatatu alfajiri, wakati mitumbwi inarudi.

Ningemwambia nani? Kila kitu kilionyesha kwamba ni mimi. Mama Rispa alinipigia akilia, akaniuliza kama nimemuuza. Binamu zangu waliokuja hospitalini walikataa kunisalimia. Mama mwenyewe, mbavu zimefungwa, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Wewe ni mtoto wangu. Ni wewe uliandika?"

Swali hilo lilinipiga kuliko Felix alivyowahi kunipiga.

Alasiri hiyo Felix alikuja. Alikuja na mkate na soda, amevaa shati jeupe, mkwe mwema. Alimpa mama pole akiwa amepiga magoti. Kisha akanivuta kwenye korido, karibu na mlango uliokuwa wazi, akaniambia kwa utulivu, "Rudi nyumbani leo. Ukirudi, barua nyingine itatoka kusema ile ya kwanza ilikuwa makosa. Usiporudi, inayofuata itakuwa na jina la mama yako."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ameyasema hayo kwa mdomo wake. Kisha nikamsikia mama. Alikuwa amejikokota hadi mlangoni na mbavu zake zilizovunjika, ameshika ukuta, na amesikia yote.

Mama alipita, akaenda kwenye dirisha linalotazama lango, ambako vijana wa bichi walikuwa wamekusanyika kusubiri habari, wengine kwa hofu, wengine kwa majuto. Akawaita kwa Kijaluo. Akawaambia aliyeandika ile barua yuko hapa ndani, amevaa shati jeupe.

Felix alinipiga ngumi ya mdomo nikaanguka, akakimbia. Hakufika mbali. Walimkamata kwenye ngazi. Nilipotoka nje nikifuta damu, shati lake lilikuwa limeshachanika lote, wanamburura kuelekea lango, na mtu wa bodaboda alikuwa anafungua tangi la pikipiki yake kutoa petroli. Mmoja alikuwa na tairi begani.

Nitawaambia ukweli. Nilitamani. Nilisimama pale nikatamani achomwe, na nilitaka nione.

Lakini niliangalia mikono iliyomshika, nikamwona Ojwang', kijana ambaye nyavu zake baba alizishona tangu akiwa mdogo. Shati lake lilikuwa na damu kavu. Damu ya baba. Asubuhi alimpiga baba kwa sababu ya maneno aliyosomewa, na sasa alikuwa anaua kwa sababu ya maneno aliyoitiwa dirishani. Safari hii maneno yalikuwa kweli, lakini yeye hakuwa ameuliza, mara zote mbili...

Nilimlalia Felix. Ndiyo, mimi. Nililala juu ya mtu aliyenivunja, mawe yakanipata mgongoni na begani, nikawaambia kama wanataka kumchoma waanze na binti ya Odera. Walisita. Kusita huko kulitosha polisi kufika. Felix alikuwa chini yangu, amejikojolea, anasema nisamehe, nisamehe. Sikumjibu. Sijamjibu mpaka leo.

Baba alifariki siku iliyofuata.

Kabla ya mazishi Mama Rispa alitaka tutume barua ya kumsafisha jina. Nilifuta ule mstari, nikabadilisha funguo zote, nikatuma ukweli wote kutoka anwani ya matangazo, kwa jina lilelile la chama. Mnajua watu walijibu nini? Walisema barua ya kwanza ilitoka hapo hapo, na hii pia. Tuamini ipi?

Basi nikaenda mwenyewe. Nilikwenda Usenge mchana, jua kali, omena zimeanikwa, wanaume wamekaa kwenye mitumbwi. Nilisimama mbele ya majivu ya kibanda cha baba, nikaeleza kwa mdomo wangu: kupigwa kwangu, kidole, kompyuta, mstari ule mmoja. Nilifungua bandeji wakaona. Nilisema baba hakumtaja mtu, na kwamba alifariki bila kujua alichokosea.

Ojwang' akashuka kwenye mtumbwi, akaja akaketi mchangani karibu na miguu yangu. Akasema, "Mimi ndiye nilimpiga wa kwanza. Aliniita kwa jina nikampiga."

Alikwenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Wengine wawili wakamfuata. Felix yuko rumande, kesi zinaendelea, na wajomba zake wametuma watu kuomba tuyamalize kinyumbani. Mama aliwajibu kwamba ng'ombe zao ziko zizini, wazichukue. Na walizichukua.

Wasomaji wenzangu, hasa dada zangu: mwanamume akikuinulia mkono, sema. Sema siku hiyohiyo, kwa daktari, kwa polisi, kwa mama yako. Usiseme umeteleza. Mimi nilisema nimeteleza, na kati ya Jumamosi na Jumatatu kulikuwa na nafasi ya kutosha kumwokoa baba. Mkono unaokupiga hautosheki na wewe. Utawafikia watu wako kwa njia ambayo hujaifikiria.

Na wewe unayepokea barua kwenye simu yako, ukaona imethibitishwa... Kuthibitishwa kunakwambia imetoka nyumba gani. Hakukwambii ni nani aliyekuwa amemkaba mwenye nyumba shingo wakati inaandikwa. Kabla hujaokota jiwe, nenda ukamuulize mtu mwenyewe. Baba yangu alikuwa amekaa kibandani kwake, mlango wazi. Angewajibu.