Kifuko cha Maua na Pakiti ya Sigara

Mimi ni fundi cherehani. Sijisifu, lakini mkono wangu unajulikana mtaani. Suruali ikibana, naletewa mimi. Gauni la bibi harusi likipasuka asubuhi ya harusi, naitwa mimi. Mume wangu ni seremala. Yeye huniita Fundi, na mimi humwita Fundi. Mgeni akibisha hodi na kuuliza, "Fundi yupo?" binti yetu hujibu, "Wapo wawili. Unataka wa mbao au wa nguo?"

Tunakaa vyumba viwili nyuma ya karakana yake. Cherehani yangu iko dirishani. Nikishona, nasikia randa yake inakwangua mbao. Zamani nilisikia na mluzi pia. Mume wangu alipiga mluzi asubuhi mpaka jioni, na aliupiga vibaya. Hukujua ni wimbo gani. Nilimwambia mara nyingi, "Fundi, tuonee huruma majirani na mimi." Alicheka na kuendelea.

Halafu mluzi ukaisha. Mahali pake pakaja kikohozi. Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja, ndiyo maana sikuyashika mapema. Niliona tu kwamba karakana imekuwa kimya. Niliona pia kwamba akipandisha kabati la mteja ngazini, husimama katikati, hushika ukuta na kutafuta pumzi. Nilimuuliza. Akasema ni vumbi la mbao. Nikakubali, kwa sababu nilitaka kukubali.

Vumbi la mbao lilikuwepo, ndiyo. Lakini na sigara ilikuwepo. Pakiti nzima kwa siku.

Siku moja alirudi na pakiti ya aina mpya. Akaiweka mezani, tulipokuwa tunakunywa chai. Jamani! Mbele ilikuwa na picha ya pafu la mtu, jeusi, limeoza. Nilikisukuma kikombe changu kando.

"Fundi! Ondoa hicho kitu! Hapa watu wanakula."

"Si mimi niliyeichora," alisema. Akaigeuza pakiti. Nyuma nako kulikuwa na picha ileile. Akaifunika kwa kofia yake.

Ikawa hivyo kila siku. Mara kofia, mara gazeti, mara anaificha chini ya kiti. Mimi nikachoka. Nikachukua kipande cha kitambaa cha maua kilichobaki kwenye gauni la mteja. Nikapima pakiti vizuri, nikakata, nikashona kifuko chenye kifungo. Pakiti iliingia, ikakaa sawasawa. Picha haikuonekana tena.

Mume wangu alikigeuzageuza kifuko mkononi. "Fundi mwenzangu," alisema, "wewe ni kiboko."

Nilijiona mjanja kweli.

Wenzake wa karakana wakakiona. Wakataka vyao. Habari zikafika dukani kwa Mjomba. Huyu si mjomba wangu wala wa mtu yeyote pale. Ni muuza duka wa kona, na mtaa mzima humwita hivyo. Akaja mwenyewe nyumbani.

"Mama, nishonee hamsini," alisema. "Wateja hawazipendi hizi picha. Jana mmoja aliishika pakiti, akaitazama, akairudisha. Akanunua maji ya kunywa! Wewe nishonee, mimi nitazitia pakiti ndani kabla hawajaziona."

Nilishona wiki nzima. Maua, mistari, nyota. Hata binti yetu alikuja akasimama kando ya cherehani.

"Mama, nataka cha kwangu. Kama cha baba."

"Cha nini?"

"Niwekee penseli. Wenzangu shuleni watanionea wivu."

Nikampa chenye nyota. Sikufikiri hata kidogo.

Sasa, tuna jirani yetu tunamwita Bibi Afya. Ndiyo kazi yake. Hukagua maduka, mikahawa na vyoo vya watu wengi. Ni mama wa sauti ya chini, lakini macho yake hayapitwi na kitu. Jumamosi moja alikuja kwangu, ameshika kifuko.

"Dada, hii ni kazi ya mkono wako?"

"Mshono unauona," nilijibu kwa majivuno. "Unataka cha rangi gani?"

Hakucheka. "Nimekitoa dukani kwa Mjomba. Nimemwambia aviondoe vyote leo. Sheria hairuhusu kufunika onyo la pakiti ya sigara dukani."

Nilisimamisha cherehani. Damu ilinipanda. "Ala! Mimi nashona nguo, siuzi sigara. Kuna sheria ya kunizuia kushona maua?"

"Shona maua utakavyo. Nisikilize kwanza. Ukimkabidhi mteja gauni, na umesahau pini ndani, utafanya nini?"

"Nitamkimbilia nimwambie, bila shaka."

"Hutamwekea ua zuri juu ya pini asiione?"

"Nina wazimu?"

"Basi pini iko ndani ya pakiti ya sigara. Kila mwenye kiwanda anajua. Serikali imewalazimisha waseme, waseme kwa herufi kubwa, mbele na nyuma. Wewe umeweka ua juu yake."

Mdomo wangu haujui kunyamaza. "Wangeandika maneno basi. Picha za nini? Zinatia kinyaa."

"Mumeo anajua kusoma?"

Mimi nilianza darasa la watu wazima mwaka juzi, na bado naendelea. Mume wangu kila mwaka husema atakuja, kila mwaka ana kabati la kumalizia. "Bado," nilisema.

"Ndiyo maana kuna picha. Asiyejua kusoma naye ana haki ya kuambiwa. Na kinyaa hicho ndicho kinachomfanya mtu asimame kidogo kabla ya kununua. Lakini wewe unajua kusoma. Hebu tusomee."

Alitoa pakiti kwenye kifuko. Ni kweli, sikuwahi kuisoma. Niliangalia picha tu nikakimbia. Nikaweka kidole chini ya maneno, nikasoma kwa sauti. "Onyo. Kuvuta sigara kunasababisha saratani ya mapafu." Nikageuza. "Moshi wa sigara unawadhuru walio karibu nawe."

Walio karibu nawe. Niliangalia kitanda cha binti yangu. Hakiko mbali na meza ambapo baba yake huvuta.

"Yeye huvuta zile laini," nilisema. "Wanasema hazina nguvu sana."

"Hakuna sigara salama, dada. Neno 'laini' ni la kukutuliza moyo. Ndiyo maana sheria imelifuta kwenye pakiti mpya. Imeanza kubana hata rangi zinazong'aa. Wewe unajua kazi ya rangi. Ukitaka mtoto apende gauni, unachagua kitambaa gani?"

"Cha maua. Cha nyota." Nilisema hivyo, kisha macho yangu yakaenda kwenye mkoba wa shule uliotundikwa ukutani. Kile kifuko chenye nyota kilikuwa kinachungulia. Binti yangu wa miaka minane alikuwa anabeba nyumba ya sigara kwenda shuleni, na mimi ndiye niliyemshonea.

Nikaona haya. Haya hasa, ya kutaka kuingia chini ya meza.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nyusi.

"Niseme kitu?" aliuliza. Akaketi. "Ile picha ilikuwa inanisumbua. Marehemu baba yangu alikufa kwa kifua, na alikohoa kama mimi. Kila nikitoa pakiti, namwona yeye. Nilikuwa nimepunguza, Fundi. Sikukwambia, nisije nikashindwa ukanicheka. Nilitoka ishirini, nikafika saba kwa siku."

"Saba!" nilisema. "Halafu?"

Alikitoa kifuko chake mfukoni. "Halafu ukanishonea hiki. Sikuiona tena picha, nikapumzika. Nikarudi pakiti nzima."

Nimeshona miaka kumi na minane. Nimewahi kuharibu vitambaa vya watu, nikalia. Lakini sijawahi kuumia na mshono wangu kama siku ile. Picha ilikuwa inamrudisha mume wangu kwangu polepole. Mimi nikaifungia kifungo.

"Lia baadaye," alisema Bibi Afya, akanipa pindo la kanga yake nifute uso. "Mkasi uko wapi?"

Tulikwenda dukani kwa Mjomba, sote watatu. Mjomba alijikuna kichwa. "Mtaniharibia biashara."

Mume wangu akamwambia, "Mjomba, mimi ndiye mteja wako mkubwa. Nataka nione ninachonunua."

Mjomba akatutolea sanduku la vifuko. Alitoa pia kopo la sigara za kuuza moja moja alilokuwa analificha chini ya kaunta. Bibi Afya alikuwa ameshaliona muda mrefu. "Hizo nazo," alisema, "ukiuza moja moja, mteja haoni onyo kabisa. Mtoto naye anaweza kununua moja. Zisiuzwe tena hivyo." Mjomba akasema amesikia. Wiki iliyofuata Bibi Afya alirudi kuhakikisha, maana anamjua.

Vifuko nilivifumua vyote, kimoja kimoja. Vitambaa nikavishona kuwa mto mkubwa wa viraka, akaukalia Mjomba dukani. Kile cha binti yangu nilikifumua mbele yake, nikamweleza kwa nini. Nikamshonea kingine, kirefu chembamba, ambacho pakiti haiwezi kuingia hata uilazimishe.

Mume wangu alinikataza nisiguse cha kwake.

Jumatatu alikwenda zahanati pamoja na Bibi Afya. Mganga alimsikiliza kifua. Akamwambia mapafu yamechoka, lakini yanaweza kupata nafuu akiacha sasa. Akamwambia achague siku ya kuacha, awatangazie watu, na hamu ikija anywe maji, atembee kidogo, asubiri. Hamu hupita baada ya dakika chache. Ikimzidi, arudi, kuna dawa za kumsaidia.

Alichagua Ijumaa. Pakiti ya mwisho alivunja sigara zake, akatupa. Pakiti tupu akaipigilia msumari ukutani juu ya meza yake ya kazi, picha ikimtazama. Na kile kifuko cha maua akakitia penseli yake ya useremala. Mkono ukienda mfukoni kutafuta sigara, unakuta penseli. Basi anapima ubao. Nakuambieni, hakuna seremala aliyepima mbao nyingi kama yeye mwezi ule.

Siku tatu za kwanza, Mungu anajua. Alinigombeza kwa sababu chai ni ya moto. Akanigombeza tena kwa sababu imepoa. Siku ya kumi na mbili alirudi kwangu uso chini. "Nimevuta moja. Kwa rafiki yangu."

Nilitaka kufoka. Nikakumbuka kwa nini mwanzoni alinificha. "Basi ni moja," nilimwambia. "Usivute ya pili." Hakuvuta.

Hata darasani alianza kuja. Tunakaa dawati moja. Neno la kwanza alilolisoma peke yake, bila kuuliza mtu, lilikuwa ONYO. Alilisoma karakana, kwenye ile pakiti, akatoka mbio kuja kuniambia akiwa na gundi mikononi.

Mwezi wa nne tangu aache, tulipeleka kabati kwa mteja wa ghorofa ya tatu. Nilishika upande mmoja, yeye upande mwingine. Nilisubiri asimame katikati ya ngazi kama kawaida yake. Tukapita katikati. Hakusimama. Aliyeomba kupumzika ni mimi.

Siku iliyofuata nilikuwa dirishani, natia uzi kwenye sindano. Randa ilikuwa inakwangua. Halafu nikasikia mluzi, wimbo haujulikani ni upi, umepotea njia kabisa. Jirani mmoja akapiga kelele, "Fundi, tuonee huruma!"

"Mwache!" nilipiga kelele na mimi, mkono juu ya cherehani, machozi yananitoka. "Mwacheni apige!"