Mkono wa Lugano

Mlango wa karakana haukuwa na kitasa wala tundu la ufunguo. Sekela aliuendea kama anavyotembea siku zote, mkono wake wa kushoto ukirudi nyuma kidogo kuliko wa kulia, na kabla hajafika kizingitini ukuta wa kioo ukagawanyika, ukampisha. Ni saa iliyokuwa mkononi mwake ndiyo iliyomtambulisha. Katika jiji la Mbeya la miaka ile, majumba yalipokuwa yameujaza uwanda wote kutoka miguuni mwa mlima Loleza hadi Uyole, watu hawakubeba tena funguo wala kadi. Walibeba mwendo wao.

Ndani, kundi la wanafunzi wa chuo lilikuwa likimsubiri. Sekela hakupenda kazi ya kupokea wageni, kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo na macho ya watu wengi yalimchanganya. Lakini akishaigeuza saa na kuifungua mgongo, aibu humtoka.

"Hiki kipande cha nusu mwezi tunakiita pembea," aliwaambia. "Kimekuwa kizito upande mmoja tu. Mkono ukienda huku, chenyewe kinachelewa, kisha kinazunguka kuufuata. Kila kikizunguka kinasukuma haya magurudumu, na magurudumu yanakaza springi. Springi ndiyo tumbo la saa. Inashiba mwendo wako, halafu inautoa kidogo kidogo mpaka kwenye mishale."

"Kwa hiyo nikilala tu kitandani inakufa?" aliuliza mmoja.

"Ikiwa imeshiba itakuvumilia wiki moja na siku moja. Zaidi ya hapo inasimama."

Akawaeleza kwamba zamani wanaume waliweka saa mfukoni, zimefungwa mnyororo, wakazikaza kwa ufunguo mdogo. Saa za mkononi zilikuwa bangili za wanawake, na wanaume walizicheka, mpaka vita vilipowafundisha kwamba askari hana mkono wa ziada wa kupekua mfuko. Baadaye mafundi waligundua kwamba mkono wenyewe unaweza kuilisha saa. Ikaja betri, zikaja simu, pembea ikabaki kitu cha wazee wenye kupenda vya kale. Ilirudi siku jiji lilipotafuta kitambulisho kisichoibika.

"Hakuna watu wawili wanaotupa mkono sawasawa," alisema Sekela. "Hii chembe nyeusi hapa tunaiita punje. Inajifunza mkono wako, na inaishi kwa nguvu ya springi. Akivaa mwingine, punje inamhisi, klachi inaachia, pembea inazunguka bure. Springi haikazwi. Na springi ikiisha, punje inasahau kila kitu. Ndivyo sheria inavyotaka. Mtu akifariki, saa yake imsahau, milango isije ikafunguka kwa jina la marehemu."

Aliyasema hayo kama alivyokwisha kuyasema kwa makundi mengine mengi, akaenda kunywa chai.

Jioni ile, akitafuta kifungo cha shati la mumewe kwenye droo ya kabati, mkono wake uligusa saa ya kike iliyofungwa kwenye leso. Alijua ni ya nani kabla hajaigeuza. Mgongoni ilichongwa herufi moja, L. Lugano, mke wa kwanza wa Gwamaka, mama yake Bupe, alikuwa amefariki miaka miwili kabla Sekela hajaolewa katika nyumba ile. Hilo halikumshtua. Mjane kuhifadhi saa ya mkewe si ajabu.

Kilichomshtua ni kwamba saa ilikuwa inatembea.

Aliiweka sikioni. Tik, tik, tik, bila haraka, kama mtu anayekula akiwa hana wasiwasi. Alitazama kidirisha kidogo cha punje. Taa ya kijani. Mkono uliokuwa umeilisha wiki ile ulikuwa mkono wa mwenyewe.

Sekela aliirudisha kwenye leso, akaikunja kama alivyoikuta. Kifungo hakukipata. Mezani usiku ule alimtazama Gwamaka akila, namna anavyomega tonge na kulichovya, akajiuliza ni kitu gani kingine asichokijua katika uso ule. Alikuwa amekwisha kuzoea kuishi na picha ya Lugano ukutani. Picha haidai kitu. Lakini mwanamke ambaye saa yake bado inamtambua si marehemu kamili, na nyumba ile, kumbe, ilikuwa na wake wawili.

"Mbona huli?" Gwamaka alimuuliza.

"Nimeshiba, Baba Bupe."

Hata jina hilo alilomwita kila siku lilimchoma. Alikuwa akimwita kwa mtoto wa mwenzake.

Kesho yake alimvizia Asajile, fundi wa klachi, mtu wa mzaha asiyekuwa na siri. "Kuna namna mtu anaweza kuidanganya punje?" alimuuliza. "Nauliza tu."

"Mwaisa, rafiki yangu, anayeuliza tu haulizi akiwa amenuna hivyo." Asajile alicheka, kisha alipoona Sekela hacheki akafikiri. "Hakuna. Mkono ni mkono. Labda umpate mtu aliyefundishwa kila kitu na mwenyewe, tangu namna ya kushika mpaka namna ya kupumzika. Binadamu gani ana subira hiyo?"

Binadamu hakuna. Sekela alibaki na neno hilo kutwa nzima.

Jumapili alasiri, kama ilivyo ada, aliaga kwenda mazoezi ya kwaya. Alifika kwenye kona ya maduka, akasimama, akageuza. Mlango wa nyuma ulimtambua, ukafunguka bila sauti. Akasimama ukumbini nyuma ya pazia, akiona haya kwa anachokifanya na asiache kukifanya.

Nyumba nyingi za jiji zilikuwa na dada wa chuma, yaani roboti wa kazi za ndani. Dada huyo hufundishwa mkono. Mwenye nyumba huvaa saa yake, akafanya kazi mbele yake siku baada ya siku, naye huiga hata jinsi kiwiko kinavyoinuka. Dada wa nyumba ile alikuwa ameketi kwenye kigoda. Bupe, mwenye miaka saba, alikaa mkekani katikati ya magoti ya chuma, chanuo na kikopo cha mafuta kando yake. Gwamaka aliinama, akafunga saa ya Lugano kwenye kifundo cha mkono wa roboti, taratibu, kama mtu anayemvisha mgonjwa.

Vidole vya chuma vikaanza kusuka. Mtindo wa twende kilioni, mistari iliyonyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni. Sekela alikuwa akijiuliza siku zote kwa nini mtoto huyu hasukwi mtindo mwingine. Kila mstari ulipoisha, kifundo kilijikung'uta mara mbili, kama kinachodondosha maji, kisha kiganja kikapita juu ya paji la mtoto kikirudisha nyuma nywele ambazo hazikuwepo. Roboti hana sababu ya kujikung'uta. Aliyekuwa akijikung'uta ni mtu.

Bupe alikuwa amefumba macho. Gwamaka hakumtazama mtoto. Aliutazama mkono, kwa uso laini ambao Sekela hakuwahi kupewa, hata siku ya harusi.

Alitoka kwa mlango ule ule. Alitembea mpaka jua likapoa, na aliporudi akasema kwaya ilichelewa kumaliza.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akarudi nyumbani mapema na mkoba wa vifaa. Alijiambia ni haki yake. Ni mke wa nyumba, na dada wa chuma hufuata mkono wa mwenye nyumba. Kila mtu angesema hivyo. Alimfungua roboti kifuani, akaukuta ule mkono umehifadhiwa peke yake, umetunzwa kuliko vingine vyote. Akaufuta. Kisha akaketi na mwanasesere wa Bupe mapajani, saa yake mwenyewe ikiwa mkononi, akasuka na kufumua mpaka mashine ikamwiga barabara. Ilimchukua alasiri moja tu. Alikuwa fundi mzuri. Alipomaliza alijisikia mwepesi, akapika wali wa nazi.

Jumapili iliyofuata hakwenda kwaya. "Leo nipo," alisema, akaketi. Gwamaka alibabaika, akatazama kabati, akamtazama mkewe. Hapo Bupe akaja na chanuo, akauliza saa iko wapi, na siri ikawa haina pa kujificha. Gwamaka aliifunga saa kwenye kifundo cha chuma.

Vidole vilishika nywele. Mabega ya Bupe yakapanda juu. Mstari wa kwanza ukaisha, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye wa pili.

Bupe alifumbua macho. Alisubiri kidogo, kisha akainua kiganja, akakipitisha mwenyewe kwenye paji lake.

"Baba," alisema, "mbona leo mama hayupo?"

Ndani ya saa, pembea ilikuwa ikizunguka bure, kwa sauti kavu ya kokoto kwenye kopo. Taa ilikuwa nyekundu. Gwamaka aliitazama, kisha akamtazama Sekela, na alielewa upesi kuliko Sekela alivyotegemea.

"Umemfanya nini?"

"Nimemfundisha mkono wangu. Mimi ndiye ninayeishi humu."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniambia, Baba Bupe. Unanisubiri niende nikamwimbie Mungu ndipo umvishe mkeo saa. Nimekuona ulivyokuwa unautazama huo mkono. Mimi hujanitazama hivyo hata siku moja."

Gwamaka alikaa mkekani, pale pale. "Miezi yake ya mwisho alikuwa hawezi hata kushika kikombe cha uji," alisema. "Nguvu kidogo aliyoamka nayo aliitumia kumfundisha huyu dada wa chuma. Kusuka tu. Kupika, kufua, alisema atakayekuja atafundisha. Alisema hivyo, Sekela. Atakayekuja. Nikaogopa kukwambia, usije ukajiona mgeni."

Sekela alihesabu siku. Alijua yale ambayo Gwamaka hakuyajua. Nakala ya roboti ameifuta mwenyewe, wala hairudi. Mkono wa Lugano ulibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya chembe nyeusi chini ya mishale ile, na springi ilikazwa mara ya mwisho wiki iliyopita. Kesho alasiri ingeisha. Punje ingesahau.

Aliichukua saa, akaivaa, akajaribu. Alikung'uta mara mbili, akapitisha kiganja hewani. Nyekundu. Alijaribu polepole, akajaribu kwa haraka, akijua mwili wake unamwiga mtu ambaye yeye alimchukia. Nyekundu. Machozi yalimtoka, na aliona haya kwa sababu hakujua anamlilia nani.

"Mimi nimeshajaribu," alisema Gwamaka. "Inanikataa."

"Mnakosea," alisema Bupe.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amemchukua mwanasesere wake, na vidole vyake vilikuwa vikisuka bila yeye kuvitazama. Mstari ukaisha. Kifundo kikajikung'uta, mara mbili. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Kichwa chake kilikuwa kimehesabu kila mpigo tangu alipoota nywele, na mikono yake ikasikia.

Sekela aliivua saa. Mkanda uliuzunguka mkono wa mtoto mara mbili ndipo ukakaza. Bupe alijaribu kwa mwanasesere, lakini kichwa kilikuwa kidogo, mkono haukupata nafasi ya kuenea, na taa ikapepesa tu.

"Nataka kichwa cha mtu," alisema.

Gwamaka alikuwa na upara. Sekela alivua kitambaa chake, akafumua mabutu aliyoyasuka kwa ajili ya ibada ya asubuhi, akaketi mkekani katikati ya magoti membamba ya mtoto wa mwenzake.

"Mama mdogo, usitingishe kichwa."

"Sitingishi."

"Unatingisha."

Vidole vikaingia. Vilikuwa vidogo, na vilivuta nywele kwa nguvu za kitoto, lakini chini ya utoto ule palikuwa na utulivu wa mtu mwingine, mtu mzima, asiye na haraka, aliyejua atachoka na amepanga kumaliza mstari kabla hajachoka. Mstari ukafika kisogoni. Sekela alisikia kifundo kikijikung'uta karibu na sikio lake. Kisha kiganja kikashuka juu ya paji lake, kikapita, kikarudisha nyuma nywele ambazo hazikuwepo.

Hakuna aliyewahi kumgusa hivyo. Akaelewa uso wa Gwamaka, na kuelewa kwenyewe kukamuuma kuliko kutojua.

"Inasemaje?" aliuliza bila kugeuka.

Gwamaka aliinama kuitazama taa. "Inakubali, inakataa," alisema. "Sasa imekubali."

Nyuma ya kichwa chake pembea ilizunguka kwa sauti nzito ya kitu kinachovuta mzigo. Sekela alikuwa akiisikia sauti hiyo kila siku kazini. Ilikuwa ikikaza. Wivu nao ulikuwepo bado, umekaa pale pale kifuani. Aliinamisha shingo kidogo, ili mkono ule upate pa kupita.

"Suka mistari yote," alimwambia Bupe. "Usiruke hata mmoja."