Kikao cha Pauni Saba

Wanajumuiya wapendwa wa Harrow na Edmonton, pamoja na nyinyi wa Rayners Lane mnaojifanya hamsomi hadithi za mafunzo, tulieni niwasimulie yaliyoipata nyumba moja yenye amani. Naijua vizuri kwa sababu ni yetu. Mimi ndiye Tom. Mama yangu, Lydia, huitwa Mama Tom kwa ajili yangu, na kila kikombe kinachovunjika huitwa changu.

Jumamosi asubuhi nyumba hiyo ilikuwa na raha. Baba, yaani Wanjohi, muuguzi wa zamu, alikaanga mandazi huku akitusomea hadithi mpya aliyoitunga. Mama alipanga tableti za kusomea kwenye begi tayari kwa darasa lake. Mama hufundisha Kiswahili watoto waliozaliwa London, wale wanaoelewa kila neno la bibi yao kisha wakamjibu kwa Kiingereza. Walikuwa ishirini na wawili, katika ukumbi wa kanisa Rayners Lane, na darasa hilo alilipenda kuliko mazulia yake. Atakayesema hilo ni jambo dogo hajaona mazulia yake.

Vitabu vya darasa vilikuwa vya kielektroniki, kipya kila mwezi kwa kila ngazi, na watunzi wake walikuwa watatu. Wa kwanza ni Baba. Wa pili ni Mama Euphrasie wa Edmonton, mzaliwa wa Bukavu, ambaye hata sungura wa hadithi zake husali kabla ya kula. Wa tatu ni Mzee Pravin, mzaliwa wa Mombasa, mwenye duka la viungo karibu na stesheni. Wote waliuza katika duka moja kubwa la mtandaoni, na walidonoana kama kuku wa banda moja. Pravin akishusha bei hadi pauni mbili, Euphrasie anashuka hadi moja na nusu, naye Baba anaongeza kurasa za kupaka rangi. Wazazi walicheka wakanunua. Watoto walisoma.

Kisha, ndugu zangu, tamaa ikabisha hodi, nayo ilikuja na sambusa.

Pravin aliwaalika wenzake ghorofani, juu ya duka lake. "Baba Tom, sisi twapigana wenyewe kwa wenyewe," alisema. "Tuuze sote pauni saba. Asishuke mtu."

Najua alisema hivyo kwa sababu Baba aliandika. Baba hawezi kuketi kikaoni bila kuandika kumbukumbu. Amekuwa katibu wa vyama vinne na wa harusi ambazo hakualikwa. Karatasi ilieleza kwamba kikao kilifunguliwa kwa sala na Mama Euphrasie, kwamba azimio la pauni saba lilipendekezwa na Bwana Pravin likaungwa mkono na Bwana Wanjohi, na kwamba kikao kilifungwa kwa sala. Kosa lenyewe lilikaa katikati ya sala mbili, kama nyama ndani ya mkate.

Mama hakuambiwa.

Jumatatu bei zilipanda. Kufikia wiki ya tatu darasa lilikuwa na watoto kumi na wawili. Emma, mama wa watoto watatu wa ngazi tatu tofauti, alimvuta Mama pembeni mlangoni pa ukumbi.

"Mwalimu, nisamehe. Pauni ishirini na moja kila mwezi siwezi. Lakini niambie, watunzi watatu wanapandaje siku moja, bei moja?"

"Maisha yamepanda, Emma. Imetokea tu."

"Mimi nafanya kazi kwa mawakili. Huko ofisini kwetu mambo kama haya hayatokei tu."

"Mume wangu ni mmoja wao. Nakuapia hawajapanga chochote."

Emma akaondoka na wanawe, wakabaki tisa. Jioni hiyo msimamizi wa ukumbi akaleta barua: kama Jumamosi ya mwisho ya mwezi watoto hawatafika kumi na wawili, chumba kitapewa kikundi cha mazoezi ya kucheza muziki. Mama aliisoma, akaikunja, akaanza kuosha masufuria yaliyokuwa safi.

Kikao cha pili kilifanyika kwetu, Jumapili mchana, baada ya kanisa. Mama aliingia na chai na sambusa. Baba akafunga faili lake haraka.

"Twende moja kwa moja kwenye mengineyo," alisema.

"Hapana, Papa Wanjohi," akasema Mama Euphrasie, ambaye ndiye mwenyekiti na hana hila hata ya kuficha peremende. "Tusome kwanza ile ya mara ya kwanza. Bila ile, kikao hakina maana."

Mama alikuwa amefika mlangoni. Nilimletea kiti. Huo ndio mchango wangu pekee katika jambo hili, na sijutii.

Baba alisoma. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma jina lake kwenye jiwe la kaburi. Alipofika kwenye "asishuke mtu", Mama aliweka birika chini.

"Nilimwapia Emma," alisema taratibu. "Nilisema hamkupanga."

"Mama Tom, ni biashara tu," Pravin akasema.

"Mzee Pravin, viungo vyako unapanga bei na mwenye duka la jirani?"

"Yule? Yule mwizi."

"Basi nchi hii inataka muwe hivyo hivyo kwenye vitabu. Washindani hawaketi kukubaliana bei. Ni kinyume cha sheria."

"Lakini tulisali," Euphrasie akasema.

"Mlimwambia Mungu sala ni ya nini?"

Mwenyekiti akatazama sambusa. "Tulisema tu, abariki kazi ya mikono."

"Mwezi huu mmeuza vingapi?"

Baba aliuza vinne. Pravin viwili. Euphrasie kimoja, na alikinunua mwenyewe ili kuona kama kinafunguka.

"Nina watoto tisa," Mama akasema. "Wakibaki tisa, Jumamosi narudisha funguo."

Sasa, kitabu cha karatasi huwezi kukibadilishia bei ukiwa kwenye kochi, ila cha kielektroniki ni kidole tu, na duka lile humjulisha mwenye kitabu kwa mlio kwamba bei yake imebadilika. Simu ya Pravin ikalia chini ya mto. Baba akamgeukia kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa, na hapo hapo simu yake mwenyewe ikalia mfukoni.

"Baba Tom! Umeshuka?"

"Wewe umeanza. Umeshuka hadi ngapi?"

"Siwezi kukwambia. Mama Tom amesema ni kinyume cha sheria."

Ndani ya mkoba wa mwenyekiti kukatoka mlio wa tatu.

Mama alimpigia Emma akamwambia kweli yote, pamoja na kosa la kiapo chake. Emma alisikiliza, akasema atafikiri.

Jumamosi ya mwisho, saa nne na robo, msimamizi alisimama mlangoni akihesabu. Wawili walikuwa wamerudi. Kumi na mmoja. Mama alikuwa ameshika funguo mkononi. Ndipo Emma akaingia na wanawe watatu, na yule mdogo, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa hajawahi kumjibu Mama ila kwa Kiingereza, akasema, "Mwalimu, tumerudi."

Mama akatia funguo mfukoni.

FUNZO

Wauzao kitu kimoja wasiketi pamoja kupanga bei, hata chai ikiwa tamu na sala ikiwa ndefu. Bei iliyopangwa hulipwa na mtoto asiyekuwepo kikaoni, na mwishowe muuzaji mwenyewe hukosa mnunuzi. Mtunzi anastahili riziki yake. Aitafute kwa kutunga vizuri kuliko jirani. Nawe usimwapie mtu jambo ambalo hujamuuliza mumeo.

Watatu hao bado hukutana kusomeana hadithi. Baba bado anaandika kumbukumbu. Ajenda ya kwanza, kila mara, ni hii: "Bei. Haizungumzwi. Imependekezwa na Mama Tom. Hakuna aliyethubutu kupinga."