Kifungo cha Jini wa Chumba cha Pasi

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na pasi zote zilikuwa baridi, lakini chumba kilinuka kitambaa kinachoungua. Dobi, mwanamke asiyewahi kuunguza hata leso, alinusa kila kona akimshuku kila mtu: mumewe, jirani, hata paka. Akainua shati la mteja. Mgongoni palikuwa na alama ya kiganja, ya kahawia, yenye vidole sita.

Kwa siku nane, kila siku shati moja liliungua lenyewe. Siku ya tisa, mchana kweupe, binti yake wa miaka tisa alipiga yowe moja tu kutoka chumba cha pasi, na mama alipokimbilia huko, huku kitu kikimpumulia moto shingoni na mapazia yakijikunja bila upepo, alikuta kiganja kile kile kimechapwa kwenye mkono wa mtoto.

Mganga aliyeitwa alifanya kazi kwa mbwembwe za kutosha. Mwishowe chupa yake tupu ikajaa ukungu kwa ndani, naye akayeyusha nta ya kuizibia.

"Jini huyu hapa hatoki milele," akanong'ona.

"Milele?" Dobi akauliza. "Kwa mashati nane na mkono mmoja? Daktari kasema mkono utapona."

"Unamwonea huruma?"

"Namchukia. Lakini kosa lake lina kipimo, na milele haina."

Mganga akamtazama kwa jicho la pembeni. "Una hakika ni wewe unayesema?"

Hakuwa na hakika, na hilo lilimtisha kuliko moto. Huruma ilikuwa imemjia upesi mno. Akajipekua moyoni kama anavyopekua mifuko ya suruali za watu, asikute kitu cha mtu mwingine. Alikuwa ni yeye, kwa bahati mbaya.

"Miaka saba," akasema.

"Mama, usimwekee mwisho," binti akanong'ona kutoka mlangoni.

"Mwanangu, atakuwa amejifunza."

"Na asipojifunza?"

Dobi akamwashiria mganga aendelee. Mganga akaguna, akaitamka miaka saba juu ya nta, akaibonyeza kwa kidole gumba.

Ndani ya chupa ikasikika sauti ya upole, yenye adabu zake zote.

"Ahsante, mama. Umenihukumu kwa haki. Mtoto atakuwa na miaka kumi na sita, na mimi nitatoka sina kosa."